Kiti cha Rangi ya Embe

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwapa watu viti. Nilikuwa mtunza vifaa katika ofisi moja kubwa hapa Bujumbura, na kila kiti, meza au kabati lililoingia pale lilipita kwanza mikononi mwangu. Nilikuwa na kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba. Kiti kikifika nilikigeuza, nikakiandika namba mgongoni, nikangoja ikauke, ndipo nikaamua kiende chumba gani. Nilikuwa nimemaliza sekondari, mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na namba zangu zilinyooka. Nilijivunia hilo, maana sikuwa na jingine.

Viti vilikuwa na sheria yake. Haikuandikwa popote lakini hakuna aliyeikosea. Kiti chenye magurudumu na mikono kilikuwa cha shefu. Chenye mto bila mikono kilikuwa cha karani. Wapiga taipu walikaa kwenye viti vya mbao, na walinzi kwenye benchi. Mtu akipandishwa cheo alikuja kwangu kuulizia kiti kabla hajaambiwa mshahara wake mpya. Nimemwona mtu mzima mwenye mvi akisimama mlangoni kwangu tangu saa mbili asubuhi, kwa sababu kiti cha naibu wake kilikuwa kinazunguka na chake hakizunguki.

Mpiga taipu mmoja, mama wa watoto watatu, alikuwa na meza yake hatua kumi kutoka mlango wangu. Alipozaa yule wa tatu mgongo wake ukaanza kumsumbua. Alikunja kitenge mara nne akakikalia, na nyuma ya kiuno akaweka rejista nene ya zamani. Siku moja alikuja kwangu, mkono kiunoni.

"Shefu, mi naomba kiti. Mugongo inakatika."

"Andika barua," nikamwambia. "Ipite kwa shefu wako, aandike maoni yake, ipande kwa direkta, kisha irudi kwangu."

"We uko hapa. Kiti iko hapo nyuma yako. Sasa barua inapanda kwenda wapi?"

Makarani walicheka. Mimi sikucheka.

Ni kweli viti vilikuwa nyuma yangu. Vilikuwa sita, zawadi ya mradi fulani, bado vimefungwa katika nailoni: viwili vya kijani, viwili vyekundu, viwili vya rangi ya embe. Vilikuwa na magurudumu, mikono, na sponji nene. Vilinisumbua tangu siku vilipoteremshwa. Kwa rangi yake havikumfaa shefu, kwa maana shefu alikalia nyeusi, na kwa mikono yake havikumfaa karani. Siku ile ya kuteremsha, mama huyo alipita na mafaili, akasimama, akakibonyeza kimoja kwa kiganja.

"Hii ya embe ni yangu," akasema. "Musiipatie mutu."

Barua yake ilipanda, ikarudi. Direkta alikuwa ameandika neno moja chini, "Apewe", na sahihi yake. Niliisoma, nikaifungia kwenye droo.

Naeleza sababu bila kutafuta huruma. Shefu wa mama yule alikuwa na kiti chenye mkono mmoja. Ule wa kulia ulikuwa umevunjika zamani, na yeye hakutaka kuomba kingine, kwa sababu kwetu shefu anayeomba kiti amekubali mbele ya watu kwamba hakuheshimiwa. Aliegemea kushoto akanyamaza. Sasa mimi nimpe mpiga taipu wake kiti cha mikono miwili, kinazunguka, katika chumba kile kile? Sikuweza kukiwaza chumba hicho. Nikasema nitamngoja shefu aombe kwanza, apate, halafu mama naye apate. Shefu hakuomba. Nami sikumwambia aombe, maana hilo nalo lingekuwa kumdharau.

Mama aliniuliza kila mwezi. "Barua yangu?" Nikamjibu, "Bado iko juu." Ilikuwa kwenye droo, chini ya goti langu. Mwaka ukapita, na wa pili ukafika kati. Siku moja nilikuwa nimechoka, joto lilikuwa kali, naye akauliza tena, na nikasema, "Direkta hajakubali."

Akatazama dari, kwa kuwa ofisi ya direkta ilikuwa juu yetu. Hakuniuliza tena.

Vile viti sita havikukaliwa na mtu. Panya waliingia ndani ya nailoni. Tulipovifungua sponji ilikuwa makombo, tukavichoma nyuma ya uzio, nami nikavifuta kwenye daftari kwa rula.

Nilistaafu, mke wangu akafariki, nikabaki na chumba na baraza huku Bwiza. Nilidhani mambo ya viti yameisha. Lakini mwaka huu nilikwenda kumaliza matanga ya karani mmoja wa zamani, na pale, kati ya watu waliosimama, nikamwona mama yule. Amezeeka kama mimi. Alikuwa anatembea akijishika kiuno kwa mkono wa kulia, vile vile. Aliponitambua akapaza sauti:

"Shefu wa viti! Bado uko muzima?"

Wote waliofanya kazi nasi walicheka, na mimi safari hii nilicheka nao kwa kuwa sikujua la kufanya na uso wangu. Tukasalimiana. Aliniambia ana kijiofisi chake Gasenyi, anawachapia watu barua, maombi ya kazi, vyeti. "Naandikia watu tangu asubuhi mupaka jioni," akasema. Halafu akaitwa upande mwingine.

Usiku huo na siku nyingi zilizofuata nililala vibaya. Nilijisemea kwamba mtu huyu bado anachapa, na bila shaka bado anakaa vibaya, na mimi ninajua deni langu ni nini. Nilitaka nimpe kiti chake, nimwambie ukweli kuhusu barua, kabla mmoja wetu hajaondoka. Nilitaka aketi vizuri nikiwa ninamwona. Ndilo jambo pekee nililobaki nikilitaka.

Jirani yangu ni fundi wa makochi, Mwislamu wa hapa hapa Bwiza, na baba yake alikuwa fundi wa makochi vilevile. Mashirika yakifunga huko Kinindo, yeye hununua viti vyao, akavibadilisha sponji na kitambaa, akavipanga nje kando ya barabara. Nilipofika kwake mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kiti kimoja cheusi, kirefu mgongo.

"Hiyo ni ya mutu mukubwa," fundi akasema, sindano mdomoni. "Ni ya kwako, mzee?"

"Ni ya mama mmoja. Anapiga kompyuta siku nzima."

"Ana umri gani?"

"Karibu na wangu."

"Basi hiyo itamumaliza. Kaa kwanza uone."

Nikakaa. Mgongo wa kiti ulinisukuma kichwa mbele kama mtu anayenifukuza, na kiunoni palikuwa na pengo la kupitisha paka.

"Zamani ulikuwa unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Nilikuwa nagawa viti ofisini."

Alicheka hadi akatoa sindano mdomoni asiimeze. "Wallahi! Kugawa viti miaka yote, na kukaa haujui!"

Alisema kweli. Nilivijua kwa mikono na magurudumu. Sikuwahi kuuliza kiti kimoja kama kinakalika.

Akanikalisha kwenye viti saba au nane siku hiyo. Alinionyesha kwamba nyayo zote mbili ziguse chini bila kunyoosha vidole, kwamba vidole viwili vya mkono vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, kwamba kiuno kijazwe na mabega yaachwe. Mimi nilichoka. Kukaa na kuinuka mara nyingi si kazi ya magoti yangu. Mwishoni tulikubaliana juu ya kimoja chenye fremu nzuri, kitambaa kilichochanika, na pampu ya kupandisha na kushusha ambayo bado ilikuwa nzima. Akaniambia ataweka sponji mpya, lakini lazima ajue inamkalisha nani.

"Ni murefu?"

"Ananifika hapa, begani."

"Anaegemea upande gani?"

"Kushoto. Mguu wa kulia anaurudisha chini ya kiti. Akichapa muda mrefu bega la kushoto linapanda, halafu anasimamisha kazi, anajikandamiza kwa ngumi, hapa, juu kidogo ya nyonga. Saa nne anakuwa mzima bado. Saa sita anaanza kukaa ukingoni."

Fundi aliacha kuandika, akanitazama.

"Ni bibi yako?"

"Si mke wangu."

"Mutu haangalii hivi mutu asiyekuwa bibi yake."

Kwa miaka yote niliyokuwa nikiikumbuka barua ile, nilikuwa na kisingizio kimoja cha kunisaidia kulala: kwamba sikujua alikuwa anaumia kiasi gani. Na sasa nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha fundi, nikimweleza maumivu ya mama yule saa kwa saa. Nilikuwa nimeyaona yote kutoka mlangoni kwangu.

Kwenye rangi tulibishana. Fundi alitaka bluu iliyokoza kwa sababu inaficha vumbi. Nikamwambia rangi ya embe.

"Embe gani? Mbichi ao ya kuiva?"

"Ya kuiva. Ile inayoanza kuwa nyekundu pembeni."

"Mzee, hii ni kiti ya biro ao ya arusi?"

"Ya ofisi. Ni rangi yake."

Alitafuta siku mbili, akapata kipande kwa muuza vitambaa wa mtaa wa pili. Kilipomalizika nilikizunguka mara mbili. Sikuwahi kutoa kiti kizuri hivyo kwa mtu yeyote.

Siku hizi mafuta ni ya shida, na kwenye foleni ya basi watu wanazeeka wamesimama. Basi lilipokuja, konda aliangalia kiti, akaniangalia mimi.

"Muzee, kiti na mwenye kiti, apana. Chagua mumoja apande."

Nikachagua kutembea. Nilikisukuma kwa mgongo wake kama mtu anayemsukuma mgonjwa, magurudumu yakilia kwenye lami na kukwama kwenye changarawe. Vijana wa kwenye baa walisimama.

"Shefu! Biro imehamia barabarani?"

"Muzee, weka benzini!"

"Achana naye, anaenda mukutano!"

Kabla sijafika mbali moyo ulianza kupiga vibaya. Nilikisogeza kando ya ukuta, nikakitazama, na sikuwa na la kufanya ila kukikalia. Kilinipokea vizuri sana. Kiuno changu kiliacha kulalamika kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikaona aibu, mzee mzima kwenye kiti cha rangi ya embe kando ya barabara, nikiwa wa kwanza kukifaidi. Hata hivyo niliendelea kukaa, kwa kuwa miguu ilikataa.

Mwendesha baiskeli aliyekuwa anarudi bila mzigo ndiye aliyeniokoa. Alikifunga kiti kwa mipira nyuma ya baiskeli, miguu juu, akasukuma kwa mkono, mimi nikamfuata hadi Gasenyi.

Kijiofisi chake ni chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, kompyuta, printa, na benchi la wateja. Wanawake wawili walikuwa wanangoja karatasi zao. Yeye alikuwa nyuma ya meza.

"Shefu wa viti!" akasema. "Leo umeniletea muzigo?"

"Nimekuletea kiti."

"Ya nani?"

"Yako."

Alitoka nyuma ya meza polepole. Aligusa kitambaa kwa nyuma ya mkono, kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Rangi ya embe," akasema, na sauti yake ilishuka.

Akashika meza, akakaa. Akarudisha mguu wa kulia chini. Mmoja wa wale wanawake akapiga kofi: "Eh, mama! Sasa we ndiyo direkta!" Naye akatabasamu, akafumba macho. Huo ndio uso niliokuwa nimeutafuta. Niliupata kwa muda wa mtu kunywa glasi ya maji. Kisha ulikaza. Akaweka viganja vyote viwili kwenye mikono ya kiti, akainuka kwa vituo, kwanza kiuno, halafu mgongo, na mwisho kichwa.

"Ni muzuri," akasema akivuta pumzi. "Muzuri sana. Lakini mi sikai tena, shefu. Dakika mbili, tatu, basi. Siku nyingi sasa."

Hapo ndipo nilipoitazama meza yake. Kila mguu ulikuwa umesimamishwa juu ya matofali manne, na kompyuta ilikuwa juu kifuani pake. Nyuma ya meza hapakuwa na kiti chochote.

"Nakula nikisimama," akasema. "Ku kanisa nasimama nyuma kabisa. Watu wanazani ni dini nyingi."

Wale wanawake walicheka hadi wakashikana mabega, yeye pia. Nilisimama mikono ikining'inia. Sikuwa nimemuuliza mtu. Nilikuwa nimenunua, nimechagua, nimesukuma, na swali moja dogo la kuuliza nikaliacha, kama kawaida yangu.

Nilingoja wateja waondoke. Aliniambia nikae, nikakataa, nikaegemea ukuta.

"Kuna neno," nikamwambia. "Ile barua yako. Direkta aliikubali."

Hakuacha kuchapa mara moja. Alimaliza mstari.

"Alikubali?"

"Aliandika 'Apewe'. Ilirudi kwangu baada ya wiki tatu. Niliiweka kwenye droo."

"We uliniambia hajakubali."

"Nilikudanganya."

"Juu ya nini?"

Nikamweleza kuhusu mkono uliovunjika wa kiti cha shefu wake. Nilisikia jinsi maneno yale yalivyokuwa madogo. Ofisini yalikuwa makubwa, yalijaza chumba. Pale Gasenyi, mbele ya matofali yale, hayakutosha hata kwa sentensi mbili.

"Juu ya ile mukono ya kiti," akasema.

"Ndiyo."

Alipozungumza hakuniangalia, alikuwa anaangalia barabarani.

"Direkta alipokufa, bibi yake alinitumia mutu mara mbili. Anaomba niende ku matanga. Yule mama alinipatia maziwa ya mutoto wangu wa mwisho, we hujui. Sikuenda. Nilisema, bwana yake alininyima kiti nikiwa nalia, mi naenda kumulilia nini? Tangu siku ile nikikutana naye ku soko, nageuza kichwa. Yule mama hajui kosa yake mupaka leo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mgongo wake. Hili sikulijua kabisa, na nilikuwa nimelifanya.

"Nisamehe," nikasema.

"Ngoja. Usinipatie iyo neno mbio mbio. We uliibeba miaka yote, mi nimeipata sasa hivi." Akapangusa kibodi kwa pindo la kitenge, ingawa haikuwa na kitu. "Bado yuko ku nyumba yao ya Kinindo?"

"Yuko. Na binti yake."

"Jumamosi utakuja hapa. Tutaenda kwake sisi wawili. We ndiyo utasema, na mudomo yako. Mi nitasimama tu pale."

"Nitakuja," nikasema.

Mzee mmoja aliingia na karatasi zake, akaona kiti, akakikalia bila kuuliza, akapumua, "Ah." Mama akamwuliza anataka kuandika nini. Nilitoka.

Naandika haya siku ya Alhamisi. Miguu bado imevimba, na fundi ameniuliza mara mbili kama kiti kilimfaa, nikamwambia ni kizuri. Tangu nirudi najaribu kupanga maneno ya Kinindo. Kila nikianza, naanza na sheria ya viti, na mikono, na magurudumu, na heshima ya shefu, na katikati nagundua kwamba mjane hatakuwa na haja na lolote kati ya hayo. Yeye alimpoteza mume, na rafiki aliyempenda hakufika, na miaka hii yote amekaa akijiuliza. Kwa hiyo nimeyaacha yote. Nikiingia, nikishasalimu, nitaanza na maneno mawili ambayo nilipaswa kuyasema zamani: mumeo alikubali.